Nyumba Zote Mpaka Bombani

Msimu wa kulima ukikaribia, mnyororo wa plau hupita nje ya nyumba yangu hapa Chunyu kabla jua halijachomoza. Unaburuzwa chini, unagonga mawe, na usingizi wangu unaishia hapo. Mume wangu huendelea kukoroma. Mimi huamka nikafagia uwanja niliofagia jana, nikahamisha ndoo kutoka huku kwenda kule, kisha nikairudisha. Wakwe zangu husema nina haraka za mjini kwa sababu nilikaa Nachingwea miaka miwili. Waache waseme. Ninyi nitawaeleza, mradi yasifike kwa mama mkwe.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi Lionja na Bibi Somoe, mama yake mama yangu. Wakati huo ndipo Wasukuma walipoingia kijijini na ng'ombe wao, kutoka huko kanda ya ziwa. Kabla yao, maziwa tuliyajua ya kopo tu. Bibi alipoonja ya kwao alisema yananuka ng'ombe, akakunja uso, akamaliza kikombe.

Wazee walipotoka msikitini walitaniana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu alikuja na jembe lake, tena la kukokotwa na ng'ombe wawili, na kwa asubuhi moja lilimaliza shamba ambalo mtu na mkewe wangeinamia wiki nzima. Utani ukaisha. Watu wakaanza kumwamkia mwenye plau kutoka mbali. Waliokuwa wakilima ufuta kidogo wakalima eneo kubwa, na haohao jioni wakalalamika kwamba ng'ombe wa wageni wamekanyaga mihogo yao. Yote mawili yalikuwa kweli.

Shamba la Bibi plau haikuliweza. Lilijaa visiki vya mikorosho ya zamani, na shamba la namna hiyo kwetu lililimwa kwa kualikana: unapika, unaita majirani, wanakuja na majembe, na wewe siku yao unakwenda. Bibi alikuwa mjane na mgongo wake ulikuwa umeshamkataa. Mawingu yalianza kujikusanya kila alasiri. Aliniambia wazi kwamba mvua ikitukuta hatujalima, mwaka ule hatungekuwa na mahindi, tungekula muhogo mpaka tuuchukie.

Alhamisi akanituma. Nipite nyumba zote, kuanzia msikitini mpaka bombani, niseme Jumamosi asubuhi na togwa ipo. Nilipita nikipiga kelele kila mlango, na kila mlango uliitikia kwamba watakuja. Kwa Mama Rehema nilipaza sauti zaidi, maana alikuwa jikoni nyuma. Nyumba iliyofuata, karibu kabisa, ilikuwa ya Mama Kulwa, mke wa mwenye plau. Palikuwa na mbwa wawili pale. Nikakimbia hadi nyumba ya mbele.

Mbwa walikuwa wamelala, nawaambia ukweli. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia niiruke nyumba ile. Ni mimi tu, kichwani mwangu nyumba zote maana yake ilikuwa nyumba zetu. Bibi aliponiuliza kama nimefika zote, nikajibu zote.

Jumamosi Bibi aliamka na alfajiri akasonga ugali wa watu ishirini, akapika kisamvu cha karanga. Togwa ilikuwa imeshachacha vizuri, harufu yake imejaa uwanja mzima. Tukabeba vyote hadi shambani, tukangoja. Alinituma barabarani nikaangalie. Nikarudi, akanituma tena. Alifunika chungu, akakifunua, akakifunika. Kutoka upande wa pili wa bonde ndipo tuliposikia mnyororo, na sauti za majirani zetu wote. Zamu ya plau ilikuwa imefika kwao siku hiyo, na anayekosa zamu mvua ikiwa mlangoni hajui ataipata lini tena. Hawakuwa na ubaya. Mimi niliwachukia hata hivyo, na ng'ombe wote niliwachukia pamoja nao.

Bibi akachukua jembe akaanza peke yake. Alikuwa akilima majembe matatu, anasimama, anashika kiuno. Nikalia.

Kisha akatokea Mama Kulwa, jembe begani na mtoto mgongoni. Alipiga magoti kwenye udongo mkavu akamwamkia Bibi. Bibi alijifuta uso kwa upande wa kanga yake.

"Wenzako wamefuata plau ya mumeo," akasema. "Afadhali wewe. Huyu mtoto alifika kwako?"

Mama Kulwa alinitazama. Masikio yaliniwaka moto.

"Alifika, Bibi. Ndiyo maana nimekuja."

Tulilima kuzunguka visiki mpaka jua la utosi. Bibi alimpakulia yeye kwanza. Jumapili alirudi na wifi yake, Jumatatu pia, na mvua ilipoanguka mbegu zetu zilikuwa chini. Mwaka uliofuata Bibi alitafuta vijana wa kung'oa visiki ili plau ipite. Kualikana kukafa hivyo, na hakuna aliyetangaza msiba.

Kwa miaka mingi nilidhani mama yule aliniokoa na fimbo tu. Nikaolewa huku Chunyu, nikawa mimi ndiye wa kuja.

Msimu uliopita kulikuwa na shughuli mtaani. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia mtoto anaalika kwa jirani, ukuta wa pili, anataja siku, anawaambia wanawake waje na miiko. Nikafuta mikono haraka, nikajifunga kanga vizuri, nikasogea mlangoni. Halafu nikasikia miguu yake inapita mbio. Na mimi hata mbwa sina.

Nilisimama pale na mikono yangu mikavu. Mama Kulwa alikuwa anajua ni Jumamosi. Alikuwa anajua ni asubuhi. Alinisikia kwa Mama Rehema, na bila shaka alijiweka sawa, na alizisikia mbio zangu.

Siku ya shughuli niliingia na kutoka nyumbani kwangu mara sijui ngapi. Mwishowe nikachukua mwiko nikaenda. Mwenye shughuli alinipokea kwa furaha, akamshika yule mtoto bega, akauliza kama alifika kwangu. Mtoto akatazama chini.

Nikasema alifika.