Sauti Nilizorekodi Kakuma Zimefika Mpakani

Admin, nifichie jina, na kampuni pia usiitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mturkana, mzaliwa wa Lodwar. Nina binti mmoja ninayemlea kwa msaada wa mama yangu. Baada ya chuo nilikaa nyumbani muda mrefu bila kazi, mpaka kampuni moja ya ng'ambo ilipokuja kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikaniandika. Hapa kwetu mmoja akipata kazi ya ofisi ukoo mzima unapumua, kwa hivyo kabla hamjanihukumu mkumbuke hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Tulikuwa tunafundisha mashine lugha za watu wa kambini, ili mama mjamzito asiyejua Kiswahili wala Kiingereza apige simu, aeleze anavyoumwa kwa lugha yake na ajibiwe kwa lugha yake. Nilizunguka na simu ya kazi nikirekodi wanawake wakiongea. Tuliambiwa waongee chochote, lakini wakieleza walikozaliwa ndiyo vizuri zaidi. Sikuuliza kwa nini.

Mwanzoni wanawake walinikimbia. Aliyenifungulia milango ni rafiki yangu, nitamwita Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza vitenge sokoni. Aliwaambia wenzake, "Huyu ni dada yangu. Mtoto yangu alikuwa anakufa na homa, yeye ndio alibeba mpaka hospitali. Ongea na yeye, hakuna shida." Wakaongea. Wakaniambia mito waliyovuka, watoto waliowazaa njiani, majina ya vijiji ambavyo siku hizi havipo. Achol mwenyewe aliongea kuliko wote.

Halafu ukaitishwa mkutano katika hoteli moja hapa Lodwar. Walikuja wageni waliovaa suti, wengine wa serikali yetu, wengine wa serikali ambazo sikuambiwa ni zipi. Meneja wetu alitusikilizisha sauti ya mwanamke kwenye spika. Hakuwa anaeleza ugonjwa wowote, alikuwa anahesabu tu kwa lugha yake. Kwenye ukuta yakatokea maandishi: mwanamke, umri wake, kabila lake, na mwisho jina la kijiji alikozaliwa. Ilikuwa sauti ya Achol.

Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni mmoja akauliza kama mashine inaweza kufanya hivyo mtu akiwa amesimama mpakani. Meneja akasema inaweza, hata kwa simu ya kawaida. Akaongeza akitabasamu kwamba kwao jaribio kama hili lingekwama kwenye sheria miaka mingi, lakini hapa amepata marafiki. Afisa wetu mmoja akainamisha kichwa kama mtu aliyesifiwa. Mimi niliyekuwa nikigawa maji nilirudi jikoni nikakaa kwenye kreti.

Nilijaribu kujituliza kwamba ni maonyesho tu. Kisha Achol akanipigia akilia. Kaka yake, mfanyabiashara, alikuwa anavuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan Kusini kuona shamba la baba yao. Siku zote akipita hapo alikuwa anataja kijiji kingine, kwa sababu watu wa kijiji chake wanawindwa. Safari hii wanaume waliovaa kiraia walimpa simu wakamwambia ahesabu kwa lugha ya mama yake. Akahesabu. Wakatazama kioo cha simu, wakamtajia kijiji chake, wakamwingiza kwenye gari. Waliokuwa naye kwenye foleni ndio walioleta habari. Mpaka leo hajaonekana.

"Dada, wewe umesoma kompyuta," Achol aliniambia. "Simu gani hii inajua mtu alizaliwa wapi? Nani aliambia hiyo simu?"

Nikamwambia nitauliza. Admin, hilo ndilo jibu nililoweza kutoa.

Nilienda kwa meneja. Alinisikiliza kwa upole, akanimiminia chai, akasema kampuni inatengeneza tu, matumizi ni ya serikali zinazonunua. Nikaenda kwa yule afisa niliyemwona hotelini. Yeye alifunga mlango kwanza. "Sikiliza, msichana wetu," alisema. "Nchi nyingine zinalilia mradi kama huu. Umetuletea jina. Usituharibie." Kisha akaulizia hali ya binti yangu, akamtaja kwa jina na shule anayosoma. Mimi sijawahi kumwambia kama nina mtoto.

Wiki hiyohiyo nilipandishwa cheo. Sasa wanataka nisimamie kurekodi Waturkana, tuanzie Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, ambako wajomba zangu wanavuka na mifugo wakifuata majani. Wanasema ni kwa ajili ya kuwaonya wafugaji kuhusu ukame na magonjwa ya mbuzi. Wajomba wameshasikia, wamefurahi, wanasema mtoto wao amerudi na kazi. Mjomba mkubwa alinisalimia kwenye simu, "Ejok, ejok," akaniuliza aanze kuongea lini.

Nikikataa, ataletwa mwingine asiyewajua, na binti yangu anaendelea kwenda shule ile ile ambayo yule mtu anaijua. Nikikubali, nitawasimamisha wajomba zangu mmoja mmoja mbele ya simu. Na Achol bado ananingoja. Kila nikipita sokoni ananivutia kiti, ananiuliza kama nimepata jibu. Nikimwambia ukweli, wanawake wote watajua ni nani aliyeshika ile simu, na kwa kampuni nitakuwa nimevunja mkataba wa kutunza siri niliotia saini.

Gari la kwenda Namoruputh linakuja kunichukua Jumatatu asubuhi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngepanda? Niambieni la kufanya, hata kama ni kwa ukali nitasoma. Lakini nawaomba mniandikie tu. Tafadhali, mtu yeyote asinitumie sauti.