Harufu ya Nywele Zilizoungua

Kabla sijaugua, saluni yangu ya mtaa wa Hai Cinema ilijulikana kwa misuko mizuri na kwa mdomo wangu. Wateja walikuja kusuka na kucheka. Nilitoka Arua, Uganda, baada ya amani ya Sudan Kusini kutiwa saini, nikaja Juba na binti yangu, Faida. Kila msuko nilioumaliza niliuchoma ncha kwa kibiriti cha gesi ili usifumuke.

Siku moja nilikuwa narudi kutoka Uganda na mzigo wa nywele za bandia. Kwenye njia ya Nimule, mji wa mpakani, watu wenye bunduki wakatuvamia, na basi likashika moto. Niliokoka viganja vikiwa vimeungua. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivi: "Nilisikia risasi, kisha nikajikuta kwenye majani." Vidonda vikapona, nikafungua saluni. Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Mteja wa kwanza, nilipochoma ncha, moshi ulinipanda puani. Mkojo ukanitoka nimesimama. Sikulikumbuka lile basi, nililiona. Nikaacha moto, nikawa nachovya ncha kwenye maji ya moto. Haikusaidia. Juba takataka huchomwa kila pembe, na harufu ilinifuata mpaka kitandani. Watu husema nywele za bandia ni za maiti. Zamani niliwacheka, sasa nikatupa chooni nywele zote zilizokuwa dukani.

Kisha ikaja siku ya Faida. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maji ya moto nimchovye misuko, jirani akawasha takataka zake. Nilichofanya sikijui. Nilipozinduka sufuria ilikuwa chini, mtoto anapiga kelele, ngozi ya bega imebabuka.

Dada yangu mkubwa, Rose, anayekaa mtaa wa Gudele, alifika akamfunga kidonda.

"Khalas, basi," akasema. "Mutoto atakaa na mimi Gudele. Wewe iko hatari. Siku moja utaua yeye."

Nikafunga nguo za Faida. Nilikuwa najiogopa kuliko alivyoniogopa yeye.

Nilikwenda kwa mama mshauri wa kanisani, aliyerudi kutoka uhamishoni Kenya, nikamwomba vidonge vya usingizi.

"Tujaribu kwanza bila vidonge," akasema. "Nisimulie safari yote. Macho wazi, miguu chini."

Nilisimulia, nikatapika. Wiki iliyofuata nikasimulia tena, nikatapika tena.

"Unaruka, mama," akasema. "Kati ya risasi na majani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Na hivyo viganja viliungulia wapi? Kwenye majani?"

Nilimchukia siku ile, nikaondoka bila kuaga. Lakini nilirudi, kwa sababu nilimtaka mwanangu. Nikasema. Kando yangu ndani ya basi alikaa mwanamke niliyemsuka mwenyewe, na nywele zake zilishika moto. Muda wote ule niliamini nilimkimbia. Sikumkimbia. Nilipiga ule moto kwa viganja, nikapiga, nikapiga, mpaka mtu akanivuta kupitia dirishani. Nililia mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia.

Baada ya hapo tulichoma uzi mmoja wa nywele, yeye kando yangu, tukakaa nao mpaka moyo ukatulia. Wiki nyingine tukachoma zaidi.

Rose alipomleta Faida kusukwa, alisimama mlangoni na mkoba wake begani, tayari kuondoka naye. Nilipomaliza kusuka, mtoto akaniomba, "Mama, usitumie maji. Choma." Nikachoma. Jasho lilinitoka. Nikamwambia asubiri kidogo, nikakanyaga chini kwa nguvu, kisha nikaendelea mpaka ncha ya mwisho. Rose akarudi Gudele peke yake.

Harufu bado hunijia, na siku nyingine hunishinda, nikafunga duka. Wewe unayeruka mahali katika hadithi yako, usiingie pale peke yako. Tafuta mtu aliyefundishwa kukaa nawe. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama. Lakini wa kwanza kumshukuru ni Rose. Angenionea huruma tu akaniachia mtoto, leo nisingekuwa na wa kumsuka.