Seva Ilipotaja Jina la Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kubana, maana nilitaka nionekane mtu wa ofisi. Nilikuwa nimetoka Kisumu na cheti changu cha kompyuta, nikaajiriwa katika chuo kimoja kule Kyambogo, Kampala, na kabla ya chai ya saa nne miguu ilikuwa inawaka moto. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi mwenye sauti nzito, aliniona nikichechemea akasema, "Madam Auma, hapa hakuna wa kuangalia miguu yako. Seva haina macho." Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa kandambili, na nimestaafu kwa kandambili.

Nyinyi mnaotuma picha kwa simu na kusahau, ngoja niwaeleze seva ya mafaili ni kitu gani. Ni kompyuta inayokaa kwenye kona yake, haina kazi nyingine ila kupokea mafaili kutoka kwa huyu na kumpa yule. Zetu ziliendeshwa na Linux, mfumo wenye tabia moja: hauamini mtu. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi linaloshirikiana nalo, halafu kuna wengine wote. Kila upande una ruhusa zake za kusoma, kuandika na, kama ni folda, kuingia ndani. Ukiomba usichoruhusiwa unajibiwa kwamba huna ruhusa, basi. Haukwambii kwa nini, wala haukuombi radhi.

Siku ileile mhadhiri mmoja alikuja analalamika kwamba mafaili yake yanakataliwa. Mikono ikaniwasha. Nilikuwa naijua amri ya kumfungulia kila mtu kila kitu, na nilishaanza kuiandika. Mkuu wa Maabara akafunika kibodi kwa kiganja.

"Unafanya nini?"

"Namsaidia, mzee."

"Unamsaidia yeye na wezi wote wa Kampala. Kwanza uliza. Anayeomba ni nani? Anaomba nini? Na seva inadhani yeye ni nani?"

Hilo swali la tatu nililiona la ajabu. Mtu si ni yeye tu? Nilikaa Kyambogo miaka mingi bila kulihitaji sana, mpaka nilipohamia Kisenyi, mtaa mwingine wa Kampala.

Kisenyi niliajiriwa na kampuni ya kutarizi sweta za shule. Tulikuwa ghorofani, juu ya duka la jumla, na chini nyuma kulikuwa na gereji ambayo nyundo zake hazikunyamaza kutwa nzima. Mkurugenzi wetu alikuwa Muganda mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Michoro ya beji za shule ilihifadhiwa kwenye seva, na mashine za kutarizi ziliichukua hukohuko. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mchoro unatoka kwa mchoraji na kufika kwenye sindano bila vituko.

Kabla sijafika, mchoraji alikuwa kijana anaitwa Kato. Alikosana na Mkurugenzi akaenda zake Juba, na Mkurugenzi kwa hasira akaamuru akaunti yake ifutwe kwenye seva siku hiyohiyo. Nafasi yake alipewa Bahati, Mkongomani kutoka Bukavu, aliyeingia Uganda kama mkimbizi na mke wake Neema. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya mshahara tangu afike, na Neema alikuwa mjamzito. Bahati aliimba nyimbo za kwaya akichora, kwa sauti ya tatu, na mafundi wa mashine wakamwitikia. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Basi, shule zikakaribia kufunguliwa. Mkurugenzi akaketi kwenye kompyuta ya kiwandani kutafuta beji za zamani, za wateja wake wakubwa. Mara tukasikia meza inapigwa.

"Banange! Mimi nanunua hii mashine, nalipa umeme, nalipa nyinyi, halafu inaniambia mimi sina ruhusa?"

Nilikimbia. Nikaiambia seva inionyeshe orodha ya mafaili pamoja na wenyewe. Mungu wangu! Safu nzima ya wamiliki iliandikwa bahati, bahati, bahati, kutoka juu hadi chini. Na ruhusa zilikuwa za mwenyewe peke yake. Kundi halina kitu, wengine wote hawana kitu.

Mkurugenzi alisoma lile jina akichungulia juu ya bega langu, na uso ukamvimba.

"Anaiba beji zangu! Anazifungia, kesho anafungua duka lake hapo chini!"

Bahati alisimama, nyuzi za rangi zimemganda kwenye shati. "Mama," akaniambia mimi, si Mkurugenzi, "mi siyajue ile mafaili. Naapa mbele ya Mungu. Ile folda sijaifunguaka hata siku moja."

"Kale, sawa. Ataeleza polisi," Mkurugenzi akasema. "Nikishakula, naenda kituoni. Na wewe, Madam, fungua hiyo vitu tufanye kazi."

Kufungua ningeweza, tena kwa amri moja, kwa sababu msimamizi wa seva hazuiwi na mlango wowote. Lakini mashine zingeanza kuunguruma, wote wangesahau, na Bahati angelala rumande. Mkimbizi akishapelekwa polisi kwa wizi, hata akitoka msafi, nani atampa kazi tena? Nilimwona Neema akilini mwangu, na tumbo lake. Nikaogopa, na nikakasirika kuliko nilivyoogopa.

"Mkurugenzi," nikasema, "nitafungua, lakini si kabla sijajua yalifungwaje. Nipe mpaka umalize kula."

"Kula kwangu si kwa muda mrefu."

"Leo tafuna polepole, ssebo," nikamwita bwana kwa Kiganda chao.

Alicheka kidogo bila kupenda, akaondoka. Bahati akavaa koti lake akakaa karibu na mlango, kama mtu aliyeshafukuzwa.

Nilianza na tarehe. Mafaili yalikuwa ya zamani kuliko ajira ya Bahati. Nikafurahi, kisha nikatulia, maana tarehe ya faili mtu wa kompyuta anaweza kuibadilisha, na Mkurugenzi alilijua hilo. Ndipo nikamsikia yule mzee wa Kyambogo kichwani: seva inadhani yeye ni nani? Nikaiuliza tena ile orodha, safari hii nikaitaka iache majina na kunionyesha nambari.

Hapo ndipo siri ilipo, vijana. Linux haimjui mtu kwa jina. Kila anayefunguliwa akaunti hupewa nambari, na faili huandikwa nambari hiyo. Jina tunaloliona sisi linatafutwa baadaye tu, ili macho yetu yafurahi. Kato alipofutwa, nambari yake ilibaki wazi, na mafaili aliyokuwa amejifungia kwa uchoyo wake yakabaki na nambari isiyo na mtu. Bahati alipofunguliwa akaunti, seva ikachukua nambari ya kwanza iliyo wazi ikampa. Asubuhi hiyo hakuwa ameiba kitu. Alikuwa amerithi bila kujua.

Nikaruka kwenye kiti, kandambili moja ikabaki chini ya meza. Lakini nitamwelezaje mtu ambaye kila neno la kompyuta analiona ni ujanja? Nikaamua nisimweleze. Nimwonyeshe.

Mkurugenzi aliporudi na harufu ya matoke na karanga, nilimkalisha mbele ya skrini na kuwaita mafundi wote. Nikafungua akaunti ya mtu asiyekuwepo, nikamwita Jaribio. Kwa jina lake nikahifadhi mchoro wa jogoo, nikaufunga usionekane na mwingine. Kisha nikamfuta Jaribio. Kwenye orodha, pale penye jina pakabaki nambari tupu.

"Mnaona? Jogoo hana mwenyewe," nikasema. "Sasa, Mkurugenzi, miaka yote hii unatumia akaunti ya kiwanda. Leo nakufungulia yako mwenyewe."

Alipenda sana. Akaandika nywila yake huku ameiziba kwa mkono mwingine, utadhani sisi sote tuna nia mbaya naye. Nikaita orodha tena.

"Soma. Jogoo ni wa nani?"

Akasogeza miwani. "Inasema... ni yangu."

"Na nani mwingine anaruhusiwa kumwona?"

"Hakuna."

"Umemwiba saa ngapi?"

"Mimi? Madam! Mimi sijagusa kitu! Nimekaa hapa, watu wote wananiona!"

"Na Bahati asubuhi alisemaje?"

Fundi mmoja akaanza kucheka kwa kujibana, wa pili akamfuata, na Mkurugenzi akageuka taratibu kumtazama Bahati pale mlangoni.

"Kumbe ni kama hii laini yangu mpya ya simu," akasema. "Kuna mama mmoja wa Masaka, kila Jumapili ananipigia, ananiita Fred, ananigombeza kwa nini sioi. Mimi, baba wa watoto sita! Laini ilikuwa ya huyo Fred."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mimi si Fred. Anakataa!"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini Mkurugenzi aliacha kucheka kabla yetu. Alikwenda mlangoni, akamvua Bahati koti kwa mikono yake mwenyewe, akalitundika kwenye msumari. "Ssebo, nisamehe," akasema, mbele ya watu wote. Bahati alilia, na mimi nikalia, na mpaka leo sioni haya kusema hivyo.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mepesi. Nilifanya mafaili ya beji yawe ya kundi zima la kiwanda, nikapanga kila litakaloingia kwenye folda ile lifuate kundi hilo, na sweta zikafika shuleni kabla ya watoto. Nikaweka na sharti ambalo Mkurugenzi alilisimamia kuliko mimi: mtu akiondoka, akaunti yake inafungwa tu, haifutwi, na nambari yake hapewi mwingine kamwe.

Niliendelea Kisenyi mpaka nikastaafu. Siku ya kuaga, Mkurugenzi alinivisha sweta lenye beji ya jogoo kifuani. Bahati, ambaye sasa ndiye msimamizi wa seva, aliketi kwenye kiti changu akaandika amri niliyomfundisha mwenyewe. "Mama, nakufunga," akasema. "Sikufuti."

Sasa ninakaa Kasubi, na asubuhi za baridi ninalivaa lile sweta. Watu huniuliza kama kazi ya kukaa na kompyuta haikunichosha. Ilinichosha mgongo na macho, lakini raha yake ninayo bado. Juzi Bahati alinipigia. Wamepata binti mpya kazini, na alipokuwa anapitia orodha ya mafaili alikuta jina auma kila mahali, akauliza huyu Auma ni nani, mbona hajawahi kumwona akiingia.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimwambia huyo ni mtu wa hapa," akasema Bahati. "Nambari yake ina mwenyewe."