Mkono Juu ya Tumbo

Miaka tisa ya kuinamia cherehani ilimkunja Jalila hata ikawa akipanda ngazi tatu tu za duka lake la ushonaji, pale Likoni, lazima asimame atafute pumzi. Fancy, mtaalamu wa viungo katika zahanati, alimpima akamwambia mapafu yake hayana neno. Kosa ni kupumulia kifuani, mpaka kiwambo, ule msuli ulio chini ya mbavu, umesahau kazi yake. Akampa zoezi: alale chali asubuhi na jioni, mto chini ya magoti, mkono juu ya tumbo, avute pumzi mpaka mkono uinuke. Na akitembea, kichwa juu, mabega nyuma.

Zoezi lilikuwa jepesi, nyumba ndiyo ilikuwa nzito. Jalila na mumewe Najib waliishi kwa mama mkwe, Bi Mwanakheri, ambaye kwa miaka sita ya ndoa ile alilitazama tumbo la mkazamwana wake zaidi kuliko uso. Hakuona kitu, na sasa alikwisha peleka maneno Mtongwe kwamba baada ya Idi Najib ataposa mke wa pili, msichana aitwaye Salha.

Siku ya tano ya mazoezi, Bi Mwanakheri alifunua pazia bila hodi. Akamkuta Jalila chali, macho kayafumba, mkono tumboni.

"Jalila."

"Abee, mama."

"Mbona hukunambia?"

"Sivyo, mama, haya ni mazoezi tu ya..."

"Nyamaza, mwanangu. Mambo haya hayatajwi yakiwa machanga. Watu wana macho."

Katika nyumba ile mke mwenye adabu huikana mimba mpaka ionekane yenyewe, basi kila Jalila alivyokana ndivyo alivyozidi kusifiwa. Mgongo ulipoanza kunyooka na tumbo kutangulia mbele, majirani walitazamana wakatabasamu. Najib, aliyekuwa hamsemeshi wiki nzima, akaanza kumletea maembe mabichi. Usiku mmoja Jalila alijikaza amwambie ukweli. Kabla hajaanza, Najib akamwambia mambo ya Mtongwe yamevunjwa, na Jalila akaumeza ukweli wake. Mlaumu ukitaka, mimi siwezi.

Siku zake zilipofika, wakati ambao mwanamke hasali, alitandika msala vilevile ili mama mkwe amwone. Akasujudu huku akilia, maana alijua anamdanganya nani. Pumzi sasa zilimtosha kupanda ngazi zote za mji, lakini mlangoni kwao bado alisimama atafute pumzi.

Kwa hesabu ya Bi Mwanakheri mwezi wa nne ulipoingia, alikuja akaketi kitandani kando ya Jalila aliyelala chali.

"Hebu nimsikie mjukuu wangu," alisema, akaweka kiganja juu ya tumbo.

Wakangoja wote wawili.

"Mbona kimya?" Bi Mwanakheri aliuliza, na uso wake ukaanza kubadilika.

Jalila alivuta pumzi kwa pua, polepole, akaishusha mpaka chini ya mbavu kama alivyofundishwa, na mkono wa mama mkwe ukainuka.