Msusi na Vigoda Viwili

Saluni ya Mama Mikono ilitazamana na jumba la makumbusho, barabara tu katikati, na kwa miaka yote aliyosuka pale hakuwahi kuvuka kuingia. Mteja akimwuliza mle ndani kuna nini, alijibu, "Vyombo vya marehemu," kisha akaendelea na nywele.

Kilichomvusha ni tangazo la getini: walitafutwa wakazi wa mtaa wafundishwe kuongoza wageni. Masomo yake yalikatika mapema, wadogo zake walipobaki bila mlezi, na hamu ya darasa haikuwahi kumtoka. Akapiga moyo konde, akajiandikisha. Mumewe, fundi bomba asiyeishiwa utani, alimwomba akifika awasuke na wale wenye vipara kwenye vinyago.

Siku ya kwanza mwalimu, mama mpole aliyevaa miwani ya kamba, aliweka mezani vigoda viwili vya mbao. Kimoja kilijaa nakshi, na miguu yake ilikuwa watu wadogo waliobeba kiti vichwani. Cha pili kilikuwa cheusi, kifupi, miguu mitatu, hakina hata ua. Mama Mikono akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Alisema cha kwanza ndicho kizuri. Cha pili ni cha kumenyea viazi.

"Kizuri kwa nani?" mwalimu akauliza.

Mama Mikono akaushusha mkono. Mwalimu hakumkaripia, aliwaambia wote neno "kizuri" waliweke kando kwanza. Waanze na macho: wapi pamechakaa, wapi pameng'aa kwa kushikwa. Halafu waulize nani alikichonga, nani alikitumia, kilikaa wapi na nani alikatazwa kukigusa.

Swali lile lilimkaa rohoni kama mwiba. Ikawa kila mteja akichelewa, yeye huyo, kavuka barabara. Siku moja aliruhusiwa kuvaa glavu akakiinua kile cheusi. Kilikuwa chepesi ajabu. Alipokigeuza, alikuta nakshi tumboni, mistari myembamba iliyopishana kwa ustadi. Akashangaa: nani anapamba mahali pasipoonekana?

Mwalimu alimpa kitabu badala ya jibu. Alisoma polepole, kidole mstarini, mumewe akimsaidia maneno magumu. Humo alikuta kwamba wenye kigoda kile cheusi walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Walikining'iniza begani, tumbo likiangalia nje, hivyo nakshi ilionekana vizuri wakiwa safarini. Akarudi kukitazama kile cha kwanza kwa macho mapya. Pale juu mbao haikuwa imechakaa hata kidogo. Kitabu kilisema kilikuwa cha mtawala, kikitolewa mbele ya watu siku ya kumsimika, na mwenyewe hakukikalia.

Mwisho wa mafunzo kila mwanafunzi alisimama mbele ya wageni. Mama Mikono alichagua vigoda vyake. Mumewe alikuja na mama yake mzazi, mkwe ambaye sifa zilimtoka kwa shida kama jino. Mama Mikono alipoanza kueleza, sauti ilinyooka.

"Hiki kilitengenezwa kitazamwe kikiwa kimetulia," alisema. "Hiki kitazamwe kikitembea. Ukivipima kwa jicho la sebuleni kwako, kimoja utakionea."

Mgeni mmoja akauliza ile mistari ya tumboni ina maana gani.

"Hilo sijui," alijibu. "Waliochonga hakuna aliyewauliza. Naweza kukubunia, ila nitakuwa nimewalisha maneno."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma, fundi bomba alikuwa akimwarifu kila aliye karibu kwamba yule ni mke wake, hata wasiouliza. Kabla watu hawajatawanyika, mwalimu alimkabidhi Mama Mikono beji na kundi la wageni wa Jumamosi.

Walipotoka, mkwe alimshika mkono ili wavuke barabara. Katikati ya njia, bila kumtazama, akasema, "Mwanangu, leo umenifundisha."

Mama Mikono akaukaza ule mkono hadi wakafika ng'ambo. Alifungua saluni akiwa na beji kifuani, akawakuta wateja wawili wanangoja mlangoni. Akawakaribisha viti, na kabla ya kushika kitana akaanza kuwasimulia.