Siku Tulipomtibu Binti wa Jirani

Desemba iliyopita nilimpeleka mwanangu baharini kwa mara ya kwanza, na hata saa moja haikuisha akatoka majini akipiga mayowe. Yavuyavu, yule mnyama mlaini kama uji ulioganda, alikuwa amemchoma gotini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai pale mchangani akaja na chupa ya siki, akamwagia polepole, akaviondoa kwa kijiti viuzi vya yule mnyama vilivyonata gotini. "Pole baba, pole," akawa anamwambia. Mwanangu akanyamaza. Mimi ndiye niliyeketi nikageuza uso, kwa sababu sijawahi kukusimulia, rafiki yangu, jinsi sisi tulivyomtibu binti wa jirani.

Nililelewa na nyanya yangu pale mtaa wa Mowlem, Nairobi, na nyanya ndiye aliyekuwa zahanati ya ploti nzima ya vyumba vya kupanga. Ukichanwa na mabati, ukiumwa na nyuki kule mtoni, ulipelekwa kwake. Dawa yake ilikuwa maji ya chumvi yanayofuka mvuke na kitambaa cha shuka kuukuu. Alisugua mpaka changarawe ya mwisho itoke, harufu ya omena ikitoka jikoni na redio ikisoma matangazo ya vifo. "Kilio hakijawahi kufunga kidonda," alizoea kusema. Mimi alinisugua kuliko wote. Lakini binti wa mlango wa pili, rika langu, akikwaruzika tu nyanya alimpulizia, kisha akamkatia kipande cha muwa. Nilimwonea wivu sana.

Tulipokuwa darasa la saba shule ikatupeleka Mombasa. Tulibeba chapati na mayai ya kuchemsha, na tulipofika tukaingia majini na sare zetu. Mwalimu alikuwa amevuka barabara kutafuta madafu binti wa jirani alipopiga yowe. Tukamburuta hadi mchangani. Michirizi myekundu ilikuwa imeuzunguka mguu wake kama alama za mjeledi.

Akanishika mkono. "Wewe unajua dawa za nyanyako. Nisaidie."

Sitakudanganya. Nilichokiona akilini wakati ule ni ule muwa.

"Nyanya husema mkojo," nikasema. "Tena wa watu wengi."

Nyanya hakuwahi kusema neno kama hilo. Wavulana walitazamana. "Zii, unatubeba ufala," mmoja akasema, akidhani nawafanya wajinga. "Aah, nyanyake ni daktari, bana!" mwingine akamjibu. Wakaenda nyuma ya ukuta na chupa tupu ya soda, wakarudi nayo imejaa. Binti akaanza kujivuta nyuma. "Kweli nyanya alisema?" akaniuliza, na mimi nikaitikia kwa kichwa, nikamshikilia mabega ili asiondoke. Walimmwagia mguuni. Uliobaki mmoja akammwagia kichwani, na darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Mwalimu aliporudi na kuelezwa, naye alicheka hadi akafuta machozi. "Basi atapona," akasema. Safari nzima ya kurudi Nairobi hakuna aliyekubali kuketi karibu naye. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshapewa jina: Kojo.

Kesho yake mama yake alimleta kwa nyanya, mguu umevimba. Nyanya aliuosha bila kusugua, akamuuliza ni nani aliyemfundisha dawa ile. Binti akasema, "Alisema ni wewe."

Nilingoja kofi. Halikuja. Nyanya alinitazama kama mgeni aliyekosea mlango. "Mimi umenisingizia, hayo nimwachie Mungu," akasema. "Lakini huyu utamrudishia heshima yake."

Jioni nikaenda kwao kuomba msamaha. Binti alisimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi najua ulidanganya. Sema paredi, wasikie wote."

"Nitasema."

Jumatatu, shule nzima ikiwa imesimama mistarini, niliinua mkono. Mwalimu akanigeukia. "Wewe, una nini?" Binti wa jirani alikuwa safu ya mbele yangu. Niliona shingo yake ikikakamaa, akinisubiri.

"Naomba ruhusa niende choo," nikasema.

Kicheko kilianzia kwa wavulana kikazagaa, na kila aliyecheka aligeuka kumtazama yeye. Muhula haukuisha kabla familia yao haijahama. Nyanya aliwasaidia kubeba vyombo hadi kwenye lori. Alipokufa, miaka mingi baadaye, alikuwa bado hajanipulizia kidonda hata kimoja.

Ploti yetu sasa ni ghorofa sita, na mtoni watoto hawashuki tena. Kilichobaki ni kundi la simu tulilounda sisi tuliosoma pamoja, la kuchangiana misiba na harusi. Wiki iliyopita mmoja akauliza, "Kojo alipotelea wapi?" Zikamiminika sura za kucheka. Mwingine akauliza jina lake halisi lilikuwa nani, na watu thelathini na kitu hawakulikumbuka.

Mimi nalikumbuka, majina yote matatu, kama yalivyosomwa kwenye rejista kila asubuhi. Niliyaandika. Nikayatazama. Kisha nikayafuta, nikaweka sura ya kucheka kama wenzangu, nikaenda kusonga ugali.