Baba Nani wa Kisenyi

Gereji za Kisenyi, Kampala, zina kelele za kila namna, lakini nyundo ya Abdunoor ilikuwa na mlio wake. Haikupiga kwa hasira. Iligonga kidogo, ikanyamaza, ikagonga tena, na kazi yenyewe ilifanyika katika ule ukimya: Abdunoor alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya mlango wa gari uliobonyea, akitafuta penye bonde. Jicho hudanganywa na rangi, alikuwa akisema, kiganja hakidanganywi. Wenye magari walimcheka walipomwona akipapasa bati kama kipofu, kisha wakaondoka na gari lao wasiweze tena kuonyesha mahali palipogongwa.

Mtu huyu, mwenye mabega ya kubebea injini, alikuwa anamwogopa mtoto wake mwenyewe. Tuseme wazi tu, maana mtaa mzima ulijua. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kwa kupasuliwa, naye alikuwa mdogo kiasi kwamba mama yake, Zulaika, alipoonyeshwa aliuliza, "Ni huyu tu?" Hospitalini manesi walimfundisha Zulaika kumvua mtoto nguo, kumwachia nepi na kofia, na kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mtoto wa namna ile hana mafuta mwilini ya kujipashia joto. Waliporuhusiwa kwenda nyumbani waliagizwa hilo hilo: kifua, maziwa, kifua tena.

Tatizo likawa jina. Wanubi wa Kampala, kama Waislamu wenzao, humpa mtoto jina siku ya saba. Siku ya saba ikapita. Abdunoor akasema wangoje watoke hospitali. Wakatoka. Akasema wangoje mtoto anenepe kidogo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: mtoto wao wa kwanza alipewa jina siku ya saba, mbuzi akachinjwa, na kabla majirani hawajarudishiwa sufuria walizoazimisha, waliitwa tena, safari hii kwa mazishi. Tangu hapo Abdunoor aliapa moyoni kwamba hatamwita mtoto mwingine kwa jina mpaka aone kwamba amekuja kukaa. Basi huyu akawa Mgeni tu. Na kwa kuwa mtu akishapata mtoto huku kwetu huitwa kwa mtoto wake, vijana wa gereji hawakukosa la kusema. "Baba Nani, leta spana!" Abdunoor alicheka nao. Jioni alipitia msikitini, akakaa kitako kirefu kuliko sala inavyodai.

Nyumbani kwao kulikuwa chumba kimoja cha kupanga, muzigo, ukuta kwa ukuta na Wakongo wawili waliotoka Bukavu. Emérence alikuwa fundi cherehani. Mumewe, Pitshou, aliuza viatu vya mitumba karibu na paki ya teksi, na mdomo wake ulikuwa mtaji kuliko viatu vyenyewe. Binti yao, Huguette, alizaliwa vile vile kabla ya siku zake, wodi ile ile, miezi michache nyuma, na sasa alikuwa bonge la mtoto anayekaa mwenyewe na kutafuna futi ya kupimia nguo ya mama yake. Zulaika alimtazama Huguette kila asubuhi kama mtu anayetazama picha ya mahali anapotaka kufika. Wanawake hawa wawili walipeana kila walichokuwa nacho. Emérence alimwonyesha mwenzake jinsi ya kukamua maziwa kwenye kikombe na kumnywesha mtoto polepole, akilamba kama paka. Zulaika naye alimwonyesha Emérence jinsi ya kupika uji wa mtama wa Kinubi, uliochachuka kidogo, uje umfae Huguette. Mkono mmoja haulei mwana, na pale mikono ilikuwa minne.

Kisha Zulaika akaugua. Kidonda cha kupasuliwa kilivimba, homa ikampanda mpaka meno yakagongana. Nesi wa kliniki alimpa dawa, akamwambia alale na asimbebe mtoto mpaka homa itoke. Mtoto abebwe na mtu mwingine, lakini abebwe, asiachwe kitandani akapoa.

Nani sasa? Mama yake Abdunoor, Bibi Rukiah, alikuwa amekuja kutoka Bombo kumuuguza mzazi hadi arobaini, naye angembeba mjukuu wake hata kwa magoti. Lakini alikuwa na kikohozi cha kuamsha mbuzi, na nesi alimkataza kumsogelea. Emérence alikuwa na wake. Alisimama mlangoni, Huguette mgongoni, akatazama chumba kile: mama anatetemeka, bibi amejifunika mdomo kwa shela, na mtoto amefungwa mablanketi mengi ambayo hayakumsaidia kitu, vidole vyake vimeanza kupoa.

"Baba yake iko wapi?" akauliza. "Kifua ya baba nayo ni kifua."

"Mwanaume ndani ya chumba ya mzazi?" Bibi Rukiah alisema. "Kabla ya arobaini? Hapana, binti yangu. Sisi hatufanyi hivyo."

Pitshou alikuwa nyuma ya mkewe, na Pitshou hawezi kuona mazungumzo yakapita hivi hivi. "Mama, mimi huyu nilimubeba Huguette ndani ya koti, huku nauzisha viatu. Batu bakasema, angalia, Pitshou iko na mimba! Nikabaambia, ndiyo, na nitazaa mapasa, batoto babili."

Bibi Rukiah alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikampeleka uani. Alipotulia alimtazama mkwewe aliyekuwa akitetemeka kwenye godoro. "Kale, haya," alisema. "Mkamwite."

Abdunoor alikuja mbio, nyundo bado mkononi, akidhani ameitwa kwa lile aliloliogopa. Alipoelezwa kwamba anatakiwa tu avue shati, alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Nnyabo, mimi naogopa," alimwambia Emérence mbele za watu bila aibu. "Hii mikono inanyoosha chuma. Huyu nitamvunja."

Hata hivyo alikwenda kuoga. Akasugua mikono kwa petroli, kama mafundi wote wafanyavyo kutoa grisi, kisha kwa sabuni, kisha akainusa na kuona petroli iko pale pale. Basi akafanya kosa ambalo ni Mnubi tu angelifanya, tena kwa mapenzi. Alichukua kichupa cha udi cha mama yake, kile cha harusi na Idi, akajipaka shingoni, kifuani, hadi kwapani. Aliingia chumbani akinukia kama bwana harusi. Humo ndani, Bibi Rukiah naye alikuwa amefukiza ubani tangu asubuhi, kama mama yake na bibi yake walivyomfukizia kila mzazi.

Walimlaza Mgeni kifuani. Mtoto akapiga chafya. Akakunja uso wake wote, ambao haukuwa mkubwa kuliko yai la bata, akageuza kichwa upande mwingine na kulia kilio chembamba cha kukataa.

Abdunoor aliinua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. "Mnaona? Hanitaki."

"Anakataa marashi, hakatae weye," Emérence alisema, akimwondoa mtoto haraka. "Mutoto wa hivi anajua batu na pua. Anatafuta arufu ya baba, anakutana na duka! Nenda unawe na maji na sabuni ya kipande, basi. Na hii moshi itoke inje, mama yangu, tafazali. Kifua yake ingali ndogo."

Kumwambia mwanamke wa Kinubi atoe chetezo katika chumba cha mzazi si jambo dogo. Bibi Rukiah alimsikia mjukuu wake akipiga chafya tena. Kisha akainama, akakishika chetezo kwa pembe ya shela, akakipeleka uani na kukimwagia maji yeye mwenyewe. Mimi namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Abdunoor alirudi ananuka Abdunoor. Akakalishwa kwenye kiti, mgongo ukaegemezwa mto. Pitshou akawa mwalimu: miguu ya mtoto ikunjwe kama chura, kichwa kigeuzwe upande, kidevu kisizame, pua ibaki wazi. Emérence akazungusha kitenge mara mbili na kukaza fundo. Wakarudi nyuma, wakatazama.

Mgeni alisogeza pua. Akainusa ngozi ile polepole, hapa, na hapa, mpaka akafika mahali alipopataka, akaweka sikio juu ya moyo wa baba yake na kunyamaza.

Abdunoor hakuwahi kuona jambo kama lile. Alikuwa ameona injini zilizokufa zikiwaka, alikuwa ameona watu wakitoka wazima katika magari yaliyojikunja, lakini hili lilimzidi. Alitegemea kubeba kitu kidogo, na badala yake alihisi kwamba amebebeshwa kitu kikubwa mno, kikubwa kuliko Kisenyi nzima, ambacho kwa sababu asizozijua kimekubali kutoshea pale. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko nyundo. Na bado alikuwa na kucha! Nani alizikata kucha zile, kwa kifaa gani? Pole kwa pole aliweka kiganja mgongoni mwa mtoto, akafumba macho kama kazini. Akazihisi mbavu, nyembamba kama ukindu. Chini yake kulikuwa na pumzi, inapanda, inashuka, inapanda.

"Pumua na weye," Pitshou alimnong'oneza. "Anakufwata weye."

Kweli, Abdunoor alikuwa ameacha kupumua. Akavuta pumzi, na machozi yakamtoka, na hakujaribu kuyaficha.

Tangu siku hiyo nyundo ya Abdunoor ilisikika asubuhi tu, Emérence akimshikia mtoto. Baadaye ungemkuta kibarazani, kitenge kifuani, akiuliza maswali kuliko mwanafunzi. Akijinyoosha hivi ni njaa? Kwikwi hizi zinamuumiza? Pitshou alijibu anayoyajua, na asiyoyajua alimuuliza mkewe kwanza. Vijana wa gereji walikuja kumcheka. Walifika mlangoni, wakaona kikofia kidogo kimejitokeza penye shati la fundi wao, na wakavua viatu bila kuambiwa. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni mzima huyo, ssebo?" Abdunoor akamshika mkono, akamwekea kiganja pale pale mgongoni mwa mtoto. Kijana alikaa hivyo muda, kisha akasema, "Bambi," kwa sauti ya huruma, na ndiyo ikawa kejeli yote waliyokuja nayo.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, na homa ya Zulaika nayo imekatika. Kwa mara ya kwanza alikaa kibarazani na wenzake, akanywa chai ya tangawizi. Pitshou alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyenunua viatu viwili vya mguu wa kushoto, na wote walikuwa wanacheka, Abdunoor akiwa wa kwanza. Kicheko kikamkatika katikati.

Mtoto alikuwa amelala vile vile, uso ule ule. Jicho lolote lingepita pale lisione kitu. Lakini kiganja kilikuwa kimepanda na kushuka, kimepanda na kushuka, halafu hakikupanda. Abdunoor alingoja ile inayofuata. Haikuja.

Manesi walikuwa wamewaonya kwamba watoto hawa wadogo mara nyingine husahau kupumua, wakaonyesha la kufanya. Abdunoor alifungua fundo, akamwinua mtoto, akaona midomo imeanza kuwa ya samawati. Vidole vyake viwili vikamsugua mgongo, kutoka kiunoni kwenda juu, tena, tena, si kwa nguvu, kama anavyosugua bati akitafuta bonde la mwisho. Akamgonga wayo kwa ncha ya kidole. Kimya. Zulaika alisimama, kikombe kikaanguka.

"Zubairi!" Abdunoor aliita. "Zubairi, vuta! Vuta, baba! Zubairi!"

Mgongo ulitikisika chini ya vidole. Mtoto alivuta hewa kwa mkoromo, kama mtu aliyeitwa akiwa mbali akalazimika kukimbia, akaitoa, akavuta nyingine, kisha akalia. Sijui muziki gani unaofikia kilio kile. Emérence alikaa chini kwenye saruji iliyolowa na Huguette wake, akapiga ishara ya msalaba.

Zulaika alikuwa anamtazama mumewe. "Umemwitaje?"

Abdunoor alimtazama mkewe. Hakujua kwamba alikuwa ametamka kitu. Jina lile la marehemu baba yake alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, amelifungia ndani kama mtu anavyoficha sahani nzuri isije ikavunjika, na sasa limetoka mbele ya kibaraza kizima, kwa sauti ya kufika gereji.

Bibi Rukiah alikuwa mlangoni, shela mdomoni. Jina hilo halikuwa limeitwa kwa sauti mbele yake tangu alipofiwa. "Ameitwa," alisema, "ameitika. Imekwisha."

"Baba Zubairi," Zulaika alisema, mkono mmoja kwenye kidonda chake, mwingine ukitafuta shuka, "simama. Twende hospitali."

Walikwenda, Pitshou akitangulia kusimamisha gari, na kiganja hakikutoka pale mgongoni njia nzima. Hospitalini walimweka Zubairi siku kadhaa, wakamwangalia, wakasema kusahau huko kutaisha akikua, na kuliisha. Mbuzi alichinjwa Kisenyi, na Emérence ndiye aliyemshona mtoto kanzu, ndogo hata ungedhani ni ya mdoli.

Jumatatu yake Abdunoor alirudi gereji. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje, kijana mmoja alipopaza sauti kutoka upande wa pili: "Baba Zubairi, leta spana!"

Hakuitika. Alikuwa amesikia vizuri sana. Alitulia pale chini, kiganja kifuani, akingoja waseme tena.